Je, Raia Aweza Kuwa Mhamiaji Katika Nchi Yake?

Mada iliyotolewa mbele ya viongozi wa walei na wawakilishi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo. Mtu aliyetoka sehemu moja ya Kenya akaenda kuishi katika sehemu nyingine ya Kenya, je, ni mhamiaji? Na kama si mhamiaji, mbona tunamwita mgeni?

Hatukulichagua swali hili kwa kupenda ubishi wa maneno. Tulilichagua kwa sababu ya jambo tulilosimuliwa na mama mmoja wa parokia yetu. Alimsindikiza bintiye kwenda kuomba kitambulisho. Karani akamwuliza, "Mama, nyumbani ni wapi?" Mama akataja kijiji chetu. Karani akasema, "Hapana, mama. Nyumbani kabisa." Mama akaeleza kwamba yeye alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akafunga ndoa hapa, na kwamba wazazi wake wote wawili wamelala hapa, nyuma ya nyumba. Karani hakumkaripia, alikuwa mtu mpole. Alingoja tu, kalamu mkononi, mpaka mama akataja wilaya ambayo babu yake aliiacha kabla ya Uhuru, na ambayo binti hajapata kuiona kwa macho. Hiyo ndiyo iliyoandikwa. Walipokuwa njiani kurudi, binti akauliza, "Kwa hiyo, mama, hapa sisi ni nani?"

Swali la binti huyo ndilo tunalotaka kulijibu leo. Tutafuata njia tuliyoizoea katika jumuiya zetu: kwanza tutazame, kisha tupime, halafu tuamue la kutenda.

1. Maneno na maana zake

Kiswahili chetu kina maneno kadhaa yanayokaribiana, na mara nyingi twayachanganya.

Neno la kwanza ni mhamiaji. Limetokana na kuhamia, yaani kuondoka pahali na kwenda kukaa pahali pengine. Kwa maana hiyo pana, walio wengi kati yetu ni wahamiaji. Kijana aliyetoka Kakamega kwenda kutafuta kazi Nairobi amehamia Nairobi. Mama aliyeiacha nyumba ya baba yake akaenda kuolewa ng'ambo ya mto amehamia kwa mumewe. Wataalamu wa hesabu ya watu hulitumia neno hili hivyo. Ndiyo maana katika sensa tunaulizwa tulizaliwa wapi na tuliwahi kuishi wapi, ili serikali ijue ni wapi watu wanaongezeka na ni wapi pahitaji shule, maji na zahanati. Hakuna dhara katika matumizi hayo.

Lakini neno hilo hilo lina maana ya pili, nayo ni ya kisheria. Katika maana hiyo, mhamiaji ni mtu asiye raia aliyeingia katika nchi isiyo yake ili akae humo. Huyu hushughulikiwa na Idara ya Uhamiaji. Huomba idhini ya kuingia, hupewa kibali cha kazi, huwekewa muda wa kukaa, na muda ukiisha asipopewa mwingine hutakiwa kuondoka. Kukaa kwake ni ruhusa, na ruhusa hutolewa kwa masharti.

Ndugu zetu, kosa letu huzaliwa hapo. Tunamchukua jirani aliye mhamiaji kwa maana ya kwanza, yaani mtu aliyehama tu, kisha tunamtoza masharti ya maana ya pili. Twaanza kumwona kana kwamba anakaa kwa ruhusa yetu, kana kwamba sisi ndio Idara ya Uhamiaji.

Neno jingine ni mhamaji, nalo hutumika kwa mfugaji anayefuata malisho na maji. Mwendo wake ni sehemu ya kazi yake, kama vile kungoja mvua ilivyo sehemu ya kazi ya mkulima. Naye pia, anapovuka mpaka wa kaunti wakati wa kiangazi, bado yu katika nchi yake, ingawa analazimika kuheshimu mashamba na visima vya wengine.

Tena kuna mkimbizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtaja mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa kuogopa kuteswa. Aliyefukuzwa kwake lakini hajavuka mpaka wa nchi huitwa mkimbizi wa ndani, na kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu watu wa namna hiyo zinakazia kwamba wajibu wa kwanza wa kumlinda ni wa serikali yake mwenyewe.

Mwisho, mgeni. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mara nyingi twaitumia methali hii kumcheka mtu mvivu aliyekawia kuondoka. Hebu tuitazame upya. Haisemi kwamba siku ya tatu mgeni afukuzwe. Inasema apewe jembe. Na mtu akishapewa jembe akalima, ugeni wake umekwisha. Amekuwa mtu wa kazi pamoja na watu wa pale. Ikiwa wahenga walitosheka na siku mbili, sisi tunaomwita jirani yetu mgeni baada ya miaka 60 tumeipata wapi hekima yetu?

2. Sheria ya nchi inasemaje

Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 haikuliacha jambo hili katika giza. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kukaa mahali popote katika Kenya. Kifungu cha 40 kinampa kila mtu, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupata na kumiliki mali katika sehemu yoyote ya Kenya. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila na kuzaliwa, miongoni mwa mengine.

Sheria inaonyesha pia tofauti iliyopo kati ya raia aliyehama na mtu wa nchi nyingine. Kifungu cha 65 kinasema kwamba asiye raia aweza kushika ardhi kwa kukodishwa tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Raia hakuwekewa mpaka wa namna hiyo, awe amezaliwa Lamu na kununua shamba Nyandarua, au amezaliwa Nyandarua na kununua shamba Lamu. Kwa hiyo, mbele ya sheria, jibu la swali letu ni wazi: raia anayehama kutoka kaunti moja hadi nyingine si mhamiaji. Mpaka wa kaunti ni mpaka wa utawala na huduma. Si mpaka wa uraia.

Hata sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 ilikumbuka jambo hili. Iliagiza kwamba katika nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia, angalau asilimia 30 zijazwe na watu wasiotoka katika kabila lenye watu wengi katika kaunti hiyo. Maana yake ni kwamba ugatuzi haukuletwa ili kila kabila lipate nchi yake ndogo.

Hata hivyo, tusijidanganye. Haki ya kwenda na kukaa popote nchini ilikuwamo pia katika katiba ya zamani, na bado maelfu ya watu walifukuzwa makwao. Sheria nzuri inahitaji watu walioikubali mioyoni mwao.

3. Tulikotoka

Baadhi yetu hufikiri kwamba hapo zamani kila kabila lilikaa pahali pake, na kwamba kuchanganyikana ni uharibifu wa siku hizi. Historia haikubali hivyo. Babu zetu walihama kwa njaa, kwa vita, kwa biashara na kwa ndoa. Mpaka mgumu uliomzuia Mwafrika kuvuka kutoka eneo moja kwenda jingine uliwekwa na serikali ya kikoloni.

Serikali hiyo iliwahamisha watu kwa nguvu ilipohitaji ardhi yao. Kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911, Wamaasai waliondolewa kwanza katika Bonde la Ufa, kisha Laikipia, ili walowezi wapate malisho. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Wakati huo huo serikali iliwafungia Waafrika katika rizavu zilizotengwa kwa kabila, ikawavalisha wanaume kipande shingoni, ili ijulikane ni nani aliyetoka kwao na kwa ruhusa ya nani. Na ilipohitaji vibarua, iliwatoa watu katika rizavu zile zile kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Huko wengi waliishi kama maskwota, wakazaa na kulea watoto. Kisha, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, maelfu ya Wakikuyu walitolewa Bonde la Ufa na kurudishwa katika rizavu, ingawa wengi wao walikuwa wamezaliwa huko huko mashambani.

Tuone basi: wazo kwamba kila Mwafrika ana pahali pamoja pa halali, na kwamba akiwa kwingine yupo kwa ruhusa, si urithi kutoka kwa mababu. Ni urithi wa kipande. Kipande kiliondoka shingoni. Tuangalie kisije kikawa kimebaki moyoni.

Uhuru ulipokaribia, mwaka 1962, ulianzishwa mpango wa kuwapa Waafrika makazi katika ekari milioni moja za ardhi ya walowezi. Waliopata mashamba waliyapata kwa mkopo waliotakiwa kuulipa. Baadaye wengine walijiunga katika vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, wakachanga shilingi kwa shilingi. Hivyo ndivyo jamaa nyingi zilivyofika katika maeneo ambamo leo wajukuu wao wanaulizwa, "Nyumbani kabisa ni wapi?"

4. Jina linapogeuka kuwa silaha

Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yalizuka kutokana na mzozo juu ya umiliki wa shamba la Meteitei katika Wilaya ya Nandi, shamba ambalo watu wa makabila zaidi ya moja walikuwa na hisa ndani yake. Moto huo ulienea katika Bonde la Ufa na sehemu za Magharibi na Nyanza wakati nchi ilipokuwa ikirudia siasa ya vyama vingi. Waliokuwa wamekaa karibu miaka 30 wakaambiwa ni wageni. Likatumika neno madoadoa, yaani mabaka yanayochafua kitambaa safi. Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililitia neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Yaani lilikuwa bado linatembea baada ya miaka 30.

Tunaomba mkumbuke hasa yaliyotokea Maela, karibu na Naivasha. Kambini hapo walikuwapo watu waliofukuzwa Enoosupukia, Wilaya ya Narok, mwezi Oktoba 1993. Mwezi Desemba 1994, mkesha wa Noeli ulipowadia, watu wa kambi hiyo walipakiwa katika malori wakapelekwa Mkoa wa Kati, ambako ilisemwa ndiko asili yao. Wengi wao hawakuwa na shamba huko, wala ndugu wa kuwapokea. Hapo ndipo tunapoona uongo wa maneno "rudi kwenu." Mtu aliyezaliwa hapa hawezi kurudi mahali ambako hakutoka. Unapomwambia arudi kwao, humrudishi popote, unamtupa.

Mwezi Agosti 1997 ilikuwa zamu ya Likoni, Mombasa. Huko waliowindwa waliitwa watu wa bara. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu waliyaacha makazi yao. Katika vizuizi vya barabarani vijana walisimamisha magari na kuwataka abiria waonyeshe vitambulisho, ili wajue jina, na kwa jina wajue kabila.

Sisi tusomao Maandiko tulipaswa kulitambua jambo hilo mara moja. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka walimtaka atamke neno moja, Shibolethi. Mtu wa Efraimu hakuweza kulitamka sawasawa, na kwa ulimi wake akauawa. Hawa walikuwa watu wa taifa moja, wenye Mungu mmoja. Na usiku ule wa mateso, Petro alitambuliwa uani kwa matamshi yake ya Kigalilaya, akaingiwa na hofu, akakana. Lafudhi ya mtu si kosa. Lakini penye hofu, lafudhi humfanya hata mtu mwema aseme uongo juu ya nafsi yake.

Tume ya Jaji Akiwumi, ambayo taarifa yake ilitolewa hadharani mwaka 2002, ilionyesha kwamba mapigano ya miaka ya tisini yalichochewa kisiasa. Hilo ni kweli. Lakini mchochezi huhitaji kuni kavu. Kuni hizo ni sisi tunaozikusanya, kidogo kidogo, katika miaka ya amani, kila tunapomwita jirani "mgeni wetu" kwa tabasamu.

5. Malalamiko yasiyo ya uongo

Sasa, ndugu, haki inatudai tusikilize upande wa pili. Katika semina zetu wazee wengine wamesimama na kusema: "Mnatuambia tuwapende waliokuja. Sawa. Lakini ardhi ile ilikuwa yetu kabla ya mzungu. Mzungu alipoondoka hatukurudishiwa, waliuziwa wengine. Je, hiyo nayo si dhuluma?"

Ndiyo, ni dhuluma, na Tume yetu haitaifunika. Huko Pwani, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha wenyeji wengi bila hati, na hata leo wapo wanaoitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Taarifa ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa wenye vyeo na marafiki zao. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyatia malalamiko ya ardhi katika taarifa yake ya mwaka 2013. Amani inayomwambia aliyenyang'anywa anyamaze si amani ya Kristo.

Lakini tuulize: deni hili ni la nani? Aliyenunua ekari tano kwa mkopo na kuulipa hakuiba. Aliyechora ramani, aliyetia sahihi, aliyejigawia maelfu ya ekari, huyo ndiye mdaiwa, na mara nyingi haishi kijijini petu. Jirani anapochomewa nyumba, mdaiwa huyo hapotezi hata mche mmoja wa mahindi. Ndiyo maana anafurahi tunapogombana sisi kwa sisi.

Zipo jamii zilizoonyesha njia nyingine. Waendorois, walioondolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya sabini ili pawe hifadhi ya wanyama, walipeleka shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 ukawapa haki. Waogiek wa msitu wa Mau walishinda katika Mahakama ya Afrika mwaka 2017. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, na hatuwezi kusema kwamba machozi yao yamefutwa. Ila tazameni walimshitaki nani: walimshitaki mwenye mamlaka aliyewatoa, hawakumshitaki jirani. Na Katiba yetu, katika Kifungu cha 67, imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi za kihistoria. Njia ya sheria ni ndefu na yachosha, lakini haiachi yatima nyuma yake.

6. Wajibu wa aliyehamia

Haki haina mkono mmoja. Aliyehamia mahali naye ana wajibu, na tutakuwa tumekosa tusipoutaja.

Ajifunze lugha ya majirani zake, angalau ya salamu, ya pole na ya asante. Asipite juu ya kaburi la mtu kwa sababu halikujengewa saruji. Asinunue shamba gizani, kwa bei ya kumnyonya mwenye shida, huku mke na watoto wa muuzaji hawajui. Asiite kilima cha sala cha wenyeji "pori." Akifanikiwa katika biashara, asijenge ukuta wa dharau. Asiwaambie wenyeji kwamba kabla ya yeye kufika walikuwa wamelala. Wako waliojeruhiwa na maneno hayo kuliko walivyojeruhiwa na umaskini.

Na walioko wengi katika kaunti, wanaoweza kupata kila kiti kwa kura, wajue kwamba wingi si cheti cha kumiliki wenzao. Wachache nao wasifanye kura yao kuwa ya kabila tu, iwe inaamriwa kutoka mbali. Ujirani ni kushiriki mambo ya mahali: barabara, kisima, shule, msiba.

Wengine hutukumbusha methali isemayo: mkataa kwao ni mtumwa. Nasi twaikubali. Mtu asione haya kwa lugha ya mama yake wala kwa asili ya babu yake. Lakini methali inamkataza mtu kuikana asili yake. Haimpi jirani ruhusa ya kumchagulia kwao, wala haisemi kwamba mtu hawezi kuwa na kwao pawili.

7. Kanisa lenyewe linahesabuje?

Hapa tunapenda kuwakumbusha jambo ambalo walei wengi hawalifahamu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 102, inaeleza jinsi mwamini anavyopata makao katika parokia. Anayapata kwa njia mojawapo kati ya mbili: akikaa mahali hapo kwa nia ya kubaki daima, isipokuwa jambo fulani limwite kwingine, au akiwa amekaa hapo miaka 5 kamili. Kwa makao hayo anakuwa na paroko wake na parokia yake. Kanuni haiulizi babu alizikwa wapi. Haiulizi ukoo. Kwa nia ya kubaki, makao huanza tangu mtu anapofika. Bila kuitaja nia, miaka 5 yatosha.

Basi ikiwa Kanisa lamhesabu mtu kuwa wa parokia hii baada ya miaka 5, kwa nini katika uchaguzi wa baraza la parokia tunanong'ona, "Huyu si wa hapa"? Kwa nini katika vigango vingine viongozi wote hutoka upande mmoja wa mto? Kwa nini Misa ya jumuiya huimbwa katika lugha ambayo nusu ya waliopiga magoti hawaielewi, na mtu akiuliza anajibiwa kwamba aende kwao wakamwimbie? Hatuwezi kuidai serikali uadilifu ambao hatuuonyeshi sakristiani.

Yosefu na Maria waliondoka Nazareti ya Galilaya wakaenda Bethlehemu ya Yudea kuandikishwa. Hawakuvuka kwenda kwa taifa jingine. Walitoka jimbo hadi jimbo, miongoni mwa watu wao. Na bado hawakupata nafasi. Kila Noeli tunawahurumia, huku twajua mahali ambapo wangebisha hodi leo na kuulizwa, "Nyumbani kabisa ni wapi?"

8. Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo matano, na tunaomba kila jumuiya iyajadili.

Kwanza, tuuchunge ulimi. Maneno wageni, madoadoa, wa kuja na watu wa bara yasisikike katika mikutano yetu kama majina ya majirani. Kiongozi wa jumuiya akiyasikia, asinyamaze.

Pili, kila baraza la parokia na la kigango lijichunguze: je, makundi yote yaliyoko mahali hapo yana sauti ndani yake?

Tatu, penye mzozo wa shamba, wahusika wasaidiwe kuweka hati, risiti na ushahidi wa wazee, ili shauri lipelekwe kwenye baraza la usuluhishi au mahakamani mapema, kabla mwanasiasa hajalichukua.

Nne, walei wafahamu sheria ya mwaka 2012 inayowahusu wakimbizi wa ndani, ili mtu akifukuzwa asiambiwe kwamba kusaidiwa ni hisani tu.

Tano, wakati wa msiba tuzikane. Mtu akitaka kulala katika udongo alioulima, asiambiwe asafirishwe. Na akitaka kurudishwa kwa baba zake, asionwe msaliti. Chaguo hilo ni lake na la watu wa nyumba yake.

Ndugu wapendwa, tulianza na binti aliyemwuliza mama yake, "Hapa sisi ni nani?" Jibu lake tumelipata katika sheria ya nchi, katika historia na katika kanuni za Kanisa. Babu yako alihama, binti yetu, wewe hukuhama. Na hata babu yako, alipohama, hakutoka katika nchi yake. Wewe ni raia, wewe ni jirani, wewe ni mwamini wa parokia hii. Hukai hapa kwa ruhusa ya mtu.

Lakini jibu hilo, tukilisema sisi tu kutoka mbele ya ukumbi, halitamtosha. Atalisadiki siku atakapolisikia kutoka kwa jirani wa kabila jingine, mlangoni pake, katika mwezi wa uchaguzi. Siku hiyo haiwezi kupangwa na semina. Inapangwa na ninyi, kuanzia kesho asubuhi, kisimani na njiani.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu, ni nani wanaoitwa wageni? Wamekaa hapa miaka mingapi?

2. Je, tunazo jamaa ambazo hazijapata kutoa kiongozi hata mmoja wa jumuiya au kigango? Kwa nini?

3. Ni malalamiko gani ya ardhi yaliyo ya kweli mahali petu? Mdaiwa wa kweli ni nani, na shauri limefikishwa wapi?

4. Kama walivyoshikwa watu kwenye vivuko vya Yordani, ikitokea leo jirani akatafutwa kwa ajili ya jina au lafudhi yake, mlango wa nani utakuwa wazi? Tusijibu upesi.